Bure, Huru na Huria: Historia Fupi ya Mfumo wa Linux katika Kiswahili

Jina kama "Kwa Mathias" halizaliwi mezani pa kamati. Mtu huishi mahali au hufanya shughuli zake hapo, majirani humtaja wanapoelekezana njia, makondakta hulipaza jina lake kituoni, na baada ya muda hata nyaraka za serikali hulifuata. Mji wa Kibaha, katika Mkoa wa Pwani, una majina ya namna hiyo, na Kwa Mathias ni mojawapo. Sisi ambao kazi yetu ni kuunda na kusanifisha istilahi hatuna budi kulikumbuka jambo hilo kila tunapoketi kuandika orodha mpya. Neno hupewa uhai na wale wanaolitumia, na kamati huja nyuma yao.

Tulilikumbuka somo hilo siku moja tulipoingia katika duka la steshenari huko Kwa Mathias kutaka kuchapiwa barua. Kompyuta ya duka ilikuwa kuukuu, lakini ilifanya kazi kwa wepesi. Mwenye duka, kijana mchangamfu, alitueleza kwamba hapo awali alikuwa akitumia mfumo wa kulipiwa ambao yeye aliupata kwa kunakiliwa bila leseni. Flashi za wateja zilimletea virusi mara kwa mara, na siku moja kazi za wanafunzi kadhaa zilipotea zote. Ndipo alipohamia Ubuntu, mmoja wa mifumo ya jamii ya Linux.

"Hii ni ya bure, kaka," alituambia, "lakini haili kazi za watu."

Mteja aliyekuwa akisubiri zamu yake akaguna: "Ya bure? Basi ina walakini."

Katika kauli hizo mbili kuna tatizo la istilahi ambalo limezisumbua lugha nyingi duniani. Makala haya yanakusudia kulieleza, kisha kusimulia kwa ufupi jinsi Kiswahili kilivyoingia katika mfumo huo, kilichofanikiwa na kilichokwama. Tunataka kuonyesha kwamba kwa watu wa lugha, mvuto mkubwa wa Linux ni haki ya kusahihisha. Nafuu ya bei ni jambo la pili.

Tuanze na maneno. Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayoiwezesha kompyuta kufanya kazi: ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayoendesha programu nyingine, inayopokea herufi kutoka kwenye kibodi na kuzipeleka kwenye skrini au printa. Pasipo mfumo endeshi, kompyuta ni kasha la vyuma na plastiki. Programu hiyo huandikwa na watu katika maandishi yanayosomeka na wataalamu, ambayo huitwa msimbo chanzo. Katika mifumo mingi ya kibiashara msimbo chanzo ni siri ya kampuni. Mnunuzi huuziwa ruhusa ya kutumia tu. Hana ruhusa ya kuona ndani, kubadili, wala kumpa jirani yake.

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuunda mfumo endeshi ambao kila mtu angekuwa na haki ya kuutumia kwa shughuli yoyote, kuuchunguza, kuubadili, na kuugawa kwa wengine, uwe umebadilishwa au haukubadilishwa. Mwaka 1989 leseni ya mradi huo, inayojulikana kwa kifupi kama GPL, ilitolewa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kiini cha mfumo endeshi alichokuwa akikiandika mwenyewe, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo hiyo. Kiini chake kilipounganishwa na programu za GNU, mfumo kamili ukapatikana. Huo ndio mfumo ambao wengi huuita Linux.

Kiingereza kina neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyetawaliwa. Kwa sababu hiyo waasisi wa programu hizi wametumia miongo kadhaa kueleza kwamba wao wanazungumzia uhuru, na kwamba bei ni jambo jingine. Kiswahili hakina mkanganyiko huo: tuna "bure" na tuna "huru", na hata mtoto hachanganyi. Hata hivyo, tuna tatizo letu wenyewe. Neno "bure" halina maana ya kutolipiwa tu. Mtu aliyesafiri akamkosa mwenyeji husema amekwenda bure. Na mtu asiye na faida kwa wenzake huambiwa ni mtu bure. Kwa hiyo afisa anayemwandikia mkuu wake kupendekeza "programu za bure" huweza kuwa amekwisha kushindwa kabla barua haijasomwa hadi mwisho. Yule mteja wa Kwa Mathias hakuwa mjinga. Alisikia katika neno kile ambacho lugha yake imekiweka humo.

Ndiyo maana istilahi iliyoshika mizizi ni "programu huria". Neno hilo nalo lina historia. "Huru" na "huria" yote yametokana na Kiarabu, lakini katika matumizi yetu yamegawana kazi: la kwanza hutaja hali ya mtu au nchi, la pili hutaja utaratibu ulio wazi kwa wote. Wasomaji wetu watakumbuka "soko huria" la miaka ya 1980 na 1990, ambalo wapo waliolishangilia na wapo walioliogopa wakilifananisha na mambo ya holela. Watakumbuka pia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Chuo hicho kililisafisha neno: huria ikawa ni mlango usiofungwa, wenye taratibu na mitihani yake. Programu huria ni huria ya namna hiyo. Ina leseni, ina masharti, ina wenye kuisimamia. Lakini mlango wake haufungwi.

Sasa tuitazame nchi yetu. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya miaka michache jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta lilikwenda mrama: mitambo ilitoka nje, wataalamu wengi walitoka nje, na wenyeji waliokuwa wameandaliwa kuiendesha walikuwa wachache. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Ni wakati huo huo ambapo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikuwa likijishughulisha na istilahi za idara mbalimbali za serikali. Kwa hiyo istilahi za kompyuta zilianza kuundwa katika nchi ambayo wananchi wengi walikuwa hawajaiona kompyuta yenyewe.

Matokeo yake yanajulikana. Neno "ngamizi" liliingia katika kamusi likabaki humo. Wenyewe tunakiri kwamba sauti yake humkumbusha msikilizaji kitenzi "kuangamiza", na si rahisi mtu akipende chombo chenye jina la maangamizi. Nchini Kenya lilipendekezwa neno "tarakilishi", ambalo linasikika shuleni na katika vyombo vya habari. Lakini katika maduka ya Kibaha, kama katika ofisi za Dar es Salaam, chombo hicho ni "kompyuta", na hakuna tena wa kubishana. Istilahi ilitungwa mahali ambapo mtumiaji hakuwapo, na mtumiaji alipofika alikuja na neno lake.

Kwa hiyo mwaka 2004 ni mwaka wa kukumbukwa. Katika Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa kampuni ya IT+46 ya Uswidi, uliendeshwa mradi ulioitwa Kilinux. Jina lenyewe ni somo la sarufi: kiambishi "ki-" kinachotaja lugha na namna, kama katika Kiswahili na Kizaramo, kilipachikwa kwenye jina la kigeni likawa letu. Mradi huo ulikusanya istilahi za kompyuta, na mwishoni mwa mwaka ukatoa programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Mtu aliweza kuandika barua, kupanga hesabu na kuandaa mhadhara huku amri zote zikiwa katika lugha yake. Hakukuwa na haja ya kumwomba mtu ruhusa, maana ruhusa ilikuwa imekwisha kutolewa ndani ya leseni.

Mwezi Juni mwaka huo huo kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuziweka programu zake katika Kiswahili, na kwa kazi hiyo walihusishwa wataalamu wa lugha wa Afrika Mashariki. Hatuna sababu ya kuidharau kazi hiyo. Nayo ilikipa Kiswahili nafasi mbele ya macho ya watumiaji wengi. Lakini tofauti ya njia hizo mbili ni muhimu kwa mfasiri, na tunaomba msomaji atuvumilie tuieleze kwa mfano.

Tuseme programu inataka kumwarifu mtumiaji kwamba kitu fulani kimefutwa. Mwandishi wa programu anayefikiri kwa Kiingereza huandika sentensi moja yenye nafasi tupu, na katika nafasi hiyo kompyuta hujaza jina lolote. Kwa Kiswahili sentensi hiyo haiwezekani. Faili 1 imefutwa, faili 3 zimefutwa, kiungo kimefutwa, viungo vimefutwa, ujumbe umefutwa, jedwali limefutwa. Ngeli inadai upatanisho, na programu isiyojua ngeli itasema makosa kila siku. Kadhalika, Kiingereza huweza kutumia neno lile lile kwa amri na kwa hali, ilhali sisi tunatenga "fungua" na "imefunguliwa". Na neno "ng'ombe", ikiwa programu haikuelekezwa kwamba kibainishi kile ni sehemu ya herufi, huvunjwa vipande viwili na kuwekewa alama nyekundu kana kwamba mwandishi amekosea.

Mfasiri aliyepewa orodha ya maneno peke yake hawezi kuyaponya magonjwa hayo, kwa sababu yamo katika mwili wa programu. Katika programu iliyofungwa ataandika malalamiko, na kampuni itaamua kama soko la Kiswahili linastahili gharama ya marekebisho. Katika programu huria anaweza kukaa na mwandishi wa programu, wakaufungua msimbo chanzo, wakaigawa sentensi ile moja kuwa sita, na sahihisho lao likamfaa kila msemaji wa lugha yenye ngeli, tangu Kizulu hadi Kiganda. Hiyo ndiyo haki ya kusahihisha tuliyoitaja mwanzoni. Mwenye lugha asiye na haki hiyo ni mpangaji katika nyumba yake mwenyewe.

Hata hivyo, haki isiyotumiwa hufanana na haki isiyokuwapo. Programu hubadilika kila mwaka. Kila toleo jipya huja na mamia ya sentensi mpya zinazodai tafsiri. Mradi wenye fedha na muda maalumu hufikia mwisho, lakini kazi ya tafsiri haina mwisho. Kazi iliyoanza kwa ari mwaka 2004 haikuendelea kwa mwendo ule ule, na leo mtu anayeufungua mfumo wa Linux kwa Kiswahili hukuta sehemu ndogo tu imefasiriwa. Yule kijana wa Kwa Mathias alikwisha kujaribu. Alituonyesha dirisha lenye maneno machache ya Kiswahili yaliyozungukwa na Kiingereza pande zote, akasema ni afadhali Kiingereza kitupu kuliko mseto unaomchanganya mteja. Hatukuwa na la kumjibu.

Lakini kuna jambo moja ambalo lilisalimika, nalo linafundisha. Katika miaka hiyo hiyo mwanachuoni mmoja wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, aliandaa orodha ya maneno ya kusahihishia tahajia ya Kiswahili, akaitoa kwa leseni huria. Mwaka 2010 jumuiya ya OpenOffice ilipogawanyika na programu mpya ya LibreOffice ikazaliwa, orodha ile ilichukuliwa ikaingizwa katika programu mpya. Hakuna aliyehitaji kuinunua upya wala kuiandika upya. Laiti ingekuwa mali ya kampuni moja, ingaliweza kuzikwa pamoja na bidhaa yake. Kwa kuwa ilikuwa huria, ilihama nyumba.

Hapa Kibaha yenyewe ina la kutuambia. Mwaka 1963 nchi za Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi zilianzisha pamoja na Tanganyika mradi mkubwa mahali hapo, ukiwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha mafunzo kwa wakulima. Mwaka 1970 mradi huo ulikabidhiwa kwa Tanzania ukawa Shirika la Elimu Kibaha, nalo lipo hadi leo. Ni sadfa ya kupendeza kwamba Linux ilitoka Ufini na washirika wa Kilinux wakatoka Uswidi. Lakini linalotufaa zaidi ni lile la mwaka 1970. Msaada wa Kibaha ulikuwa na siku ya makabidhiano, na siku hiyo ilipofika kulikuwapo chombo cha kitaifa chenye jina, bajeti na watumishi kilichonyoosha mikono kupokea. Tafsiri ya Kilinux ilikuwa wazi kwa yeyote kuichukua. Kilichokosekana ni mikono iliyopangiwa kazi ya kuipokea na kuilea mwaka hata mwaka.

Tusiwafiche wasomaji ugumu wa kuhama. Mhasibu aliyezoea majedwali ya aina moja kwa miaka 15 hatafurahi kujifunza upya. Baadhi ya printa na mashine za ofisi hutengenezwa kwa kufikiria mfumo mmoja tu. Fomu nyingine za ofisi hupotoka mistari zikifunguliwa katika programu tofauti. Aidha, mfumo usiolipiwa leseni bado unahitaji fundi, mafunzo na muda, na vyote hivyo vina gharama. Anayeahidi kwamba kuhama hakugharimu kitu anarudi kwenye lile neno "bure" tulilokwisha kulionea shaka.

Lakini kubaki nako kuna gharama. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza utoaji wa kawaida wa masahihisho ya usalama kwa mfumo wake wa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya mfumo uliofuata. Shule yenye kompyuta 20 za namna hiyo ina njia chache: kuzitupa, kuziacha wazi kwa virusi, au kuzipa mfumo huria ulio mwepesi. Isitoshe, wengi wetu tumekwisha kuhama pasipo kujua. Simu za Android, ambazo zimejaa mikononi mwa abiria wa Kwa Mathias, zinaendeshwa na kiini kile kile cha Linux. Takwimu za vituo vya afya nchini hukusanywa kwa programu ya DHIS2, ambayo ni huria na chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa hiyo hoja ya kwamba programu huria ni michezo ya wanafunzi haina mashiko.

Je, sisi wa istilahi tufanye nini? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwanza, istilahi za kompyuta zilizosanifiwa ziwekwe katika daftari moja lililo wazi, lenye leseni huria, ili mfasiri wa Mombasa na mwalimu wa Kibaha wachote humo bila barua ya maombi. Pili, tafsiri za programu huria zihesabiwe kuwa kazi halali ya wafasiri wa serikali na wanafunzi wa vyuo vikuu, kazi ya kila mwaka yenye mtu anayeulizwa habari zake. Tatu, tupeleke maneno sokoni kabla ya kuyapiga muhuri. Chombo kidogo cha kuelekezea kishale kwenye skrini kimependekezewa "puku" na "kipanya". Lakini mkazi wa Pwani akisikia "kipanya" huwaza kwanza lile basi dogo la abiria. Maana ipi itashinda katika duka la steshenari, hatutaijua kwa kukaa ofisini.

Tulipokuwa tukilipia barua yetu, kijana mwingine aliingia na kompyuta yake ya mkononi akamwuliza mwenye duka, "Na mimi unaweza kunipigia windo kama hilo lako?" Alikuwa akiomba kuwekewa Ubuntu. Lakini kwa mafundi wetu wa mitaani kuweka mfumo endeshi wowote ni "kupiga windo", na jina la bidhaa ya kampuni moja limekuwa jina la jamii nzima ya vitu. Hatukumsahihisha. Tulijiuliza tu kama neno "mfumo endeshi", ambalo tunaliandika kwa fahari katika orodha zetu, limewahi kufika katika duka hilo. Mwenye duka alikwisha kuipokea flashi ya kijana yule, akaipangusa vumbi kwa pindo la shati, akamwambia asubiri.